Maisha ya Dada Yetu Hakiki, Mtunzaji wa Programu ya Kipimo

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka mbali kuja kumsindikiza dada yetu, poleni na asanteni. Mimi ni mdogo wake anayemfuata, yule fundi bomba. Familia ilipokaa kugawana kazi za msiba, zamu ya wasifu ilipofika kila mtu aliangalia chini, ukaniangukia mimi. Marehemu mwenyewe alikuwa amenipa sharti wiki chache kabla. "Usije ukanipamba," aliniambia. "Sema nilikuwa mwoga. Wanaonijua watakushangaa ukisema vingine." Kwa hiyo nasema mbele yenu: dada yetu alikuwa mwoga. Nitajitahidi kueleza aliogopa nini, na kwa nini.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, saa tano asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa karani wa posta na mama alikuwa mshonaji. Alizaliwa miezi haijatimia, na mama alisimulia kwamba kwa wiki sita nzima hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kununua hata soksi za mtoto. Mama alikuwa akimwekea kiganja puani kila mara kuona kama anapumua. Sijui kama woga huo unarithiwa, ila sisi wadogo zake tulipozaliwa, yeye naye alitufanyia vilevile. Nimewahi kushtuka usingizini mchana, nina miaka minne, nikakuta mkono wa dada umeniziba pua. "Nilikuwa nahakikisha tu," alisema.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni ya treni, kuanzia Januari 1974 hadi 1980, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, 1981 hadi 1986. Ripoti zake baba alizihifadhi kwenye sanduku la bati, na moja ninayo hapa. Mwalimu wa darasa ameandika: "Ana akili sana, ila anauliza swali moja mara tatu." Mwaka 1987 aliingia chuo cha famasia, akahitimu stashahada mwaka 1990.

Tarehe 1 Februari 1991 aliajiriwa hospitali ya mkoa, dirisha namba mbili la dawa. Kulikuwa na upau wa chuma mlalo, kaunta iliyochakaa kwa viwiko vya watu, na kiti kimoja kisicho na mgongo. Hapo ndipo alipopata woga wake mkubwa. Mwezi Juni 1992 alisoma cheti cha daktari, akaona tano mahali palipoandikwa nukta tano, kwa sababu nukta ilikuwa imefifia. Akajaza chupa na kuandika maelezo. Mama wa mtoto alikuwa ameshafika getini alipoona mambo hayamwingii akilini, akarudi dirishani kuuliza, "Samahani dada, chupa hii yote ni ya siku moja?" Marehemu aliichukua ile chupa, akafunga dirisha, akakaa juu ya katoni la dawa. Foleni nje iligonga na kulalamika kwa nusu saa. Alipofungua alikuwa na kalamu nyekundu, na tangu siku hiyo hakuna cheti kilichopita mikononi mwake bila kuandikiwa neno "hakiki" pembeni na kusomwa tena upya. Wenzake wakampa neno hilo liwe jina lake. Wengi wenu hapa hamjawahi kumwita kwa jina lingine.

Katika dirisha hilohilo alimpata mume wake. Shemeji yetu ni mpimaji ardhi, na alifika akiwa na kikohozi cha kweli. Wiki iliyofuata akaja na kikohozi cha nusu. Mara ya tatu marehemu alimtazama kupitia upau akamwambia, "Kaka, kikohozi chako kilipona tangu juzi. Sema unachotaka, watu wanasubiri." Shemeji akasema. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1994, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti mwaka 1996 na mwana mwaka 2000. Shemeji ananiambia kwamba katika miaka yote ishirini na tisa hakuwahi kutoka nyumbani bila kuulizwa mara mbili kama ana funguo.

Mwaka 1999 hospitali ilipewa kompyuta ya msaada. Hakuna aliyejua ya nini, ikafunikwa kitambaa. Marehemu akaomba ruhusa ya kuitumia Jumamosi. Kwa kitabu cha kuazima, na kwa msaada wa mhadhiri mmoja wa chuo cha ufundi, alijifunza kuandika programu, na mwaka 2003 akamaliza ile ya kwanza. Kazi yake ilikuwa moja: unaiandikia umri wa mgonjwa, uzito wake na dawa, nayo inakupa dozi. Ukiandika uzito usiolingana na umri, inakataa. Akaiita Kipimo. Tarehe 20 Aprili 2006 aliiweka kwenye mtandao iwe programu huria, maana yake mtu yeyote aitumie bure, aone ilivyoandikwa ndani, airekebishe, na marekebisho yake ayarudishe kwa wote.

Mimi mambo haya yalinishinda mpaka siku moja nilipomuuliza, "Kwa hiyo Kipimo ni kama bomba la barabarani, kila mtu anateka?"

"Ee, hivyo hivyo."

"Na bomba likipasuka, nani anaitwa?"

Baadaye aliniambia swali hilo lilimkosesha raha wiki nzima.

Walioitwa, kwa miaka mingi, walikuwa watu wanne waliojitolea. Marehemu mwenyewe. Mhadhiri niliyemtaja. Muuguzi mmoja wa kituo kidogo cha afya, mama mwenye sauti ya ukali na macho yasiyopitwa na kitu. Na mwandishi wa programu aliyekuwa nchi nyingine, ambaye marehemu alifanya naye kazi miaka kumi na minne bila kumwona kwa macho, tukimwita Mtu wa Mbali. Leo yupo, amekaa karibu na spika. Karibu sana, kaka. Watu hawa walikubaliana jambo moja ambalo halikuwahi kuandikwa popote: hakuna kitu kinachoingia kwenye Kipimo mpaka watu wawili wengine wamekikagua.

Vituo vya afya vinavyotumia Kipimo vilipokuwa vingi, simu zilikuwa nyingi, na mshahara wa dirishani ulikuwa uleule. Mwezi Septemba 2012 marehemu aliacha kazi hospitali, akafungua kampuni na mwenzake waliyesoma naye famasia, aliyekuwa ameziacha dawa zamani na kuingia biashara. Huyo tulimwita Mkurugenzi tangu siku ya kwanza, akiwa na cheo kabla ya kuwa na kiti. Kampuni haikuuza Kipimo, kwa sababu Kipimo hakiuzwi. Iliuza kazi ya kukifunga, kufundisha watu na kuja pale kinapokwama. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi, na mashine za chini zilitetemesha sakafu kutwa. Biashara ilikuwa halali, na iliwalipa vijana tisa mshahara.

Lakini hapo ndipo marehemu alipoanza kuvaa kofia mbili, na kofia mbili zilimtisha. Mchana alikuwa bosi wa kampuni inayotaka wateja wake waridhike. Papo hapo alikuwa mtunzaji wa mali ya wote, ambayo kampuni nyingine nne nazo zilikuwa zinaitegemea kutafuta riziki. Akanunua simu mbili, moja ya kampuni na moja ya Kipimo. Ukimpigia jambo la Kipimo kwenye simu ya kampuni, alikuwa anajibu, "Piga ile nyingine," anakata. Mkurugenzi aliwahi kumpigia akiwa meza ya pili, hatua tatu kutoka kwake. Akaambiwa apige ile nyingine. Akapiga. Vijana wa ofisi wanasema walijificha chini ya meza kucheka.

Nataka sasa kusema habari ya mwaka 2019. Wengine katika familia waliona isisemwe hapa. Shemeji aliamua isemwe, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kuificha.

Kampuni ilikuwa imepata mteja mkubwa, mtandao wa hospitali binafsi. Mteja alitaka skrini ya haraka, ambayo mhudumu anaandika kila kitu mstari mmoja bila kupita kurasa tatu. Vijana wa kampuni wakaiandika. Ilipopelekwa kwenye Kipimo ili iwe ya wote, mhadhiri na Mtu wa Mbali waliomba wiki mbili za kuikagua. Mteja hakuwa na wiki mbili. Jumatatu, tarehe 3 Juni 2019, marehemu alitumia mamlaka yake ya utunzaji, akaipitisha peke yake. Mtu ambaye alisoma cheti cha kikohozi mara mbili, siku hiyo alisoma mara moja.

Jumatano, tarehe 14 Agosti, saa tatu asubuhi, simu ya kampuni iliita. Alikuwa yule muuguzi.

"Piga ile nyingine," marehemu alianza.

"Hakiki, leo sipigi nyingine. Nisikilize. Nimeandika mtoto wa kilo nane na nusu. Nimeweka mkato badala ya nukta. Skrini yako mpya imeula ule mkato. Imenisomea kilo themanini na tano, ikanipa dozi, hata umri haikuulinganisha, na haikuuliza kitu."

"Umempa?"

"Sijampa. Ningempa chupa mbili zisingetosha, ndiyo maana nikashtuka. Lakini mimi nina miaka ishirini na sita kazini. Yule msichana wangu wa mapokezi ana miezi mitatu."

Skrini ile ilikuwa imetoka kwa watu wote wiki kumi zilizopita. Na Kipimo, kwa kuwa ni huria, hakimchungulii mtu wala hakitoi taarifa. Hakuna aliyejua ni vituo vingapi vimepakua toleo lile, wala ni watoto wangapi wamepimwa nalo. Alikaa kwenye kiti cha ofisi, sakafu ikitetemeka chini yake, na kila simu iliyoita alidhani ndiyo ile ya kumwambia kuna mtoto amekufa.

Kabla ya saa sita vijana walikuwa wameshapata dawa ya kosa, mistari michache tu. Mkurugenzi akafunga mlango. Mazungumzo haya amenieleza yeye mwenyewe, na amenipa ruhusa kuyasoma.

"Tuwape wateja wetu kwanza," alisema. "Kimyakimya. Ijumaa tunasaini mkataba mpya. Tukisaini, Jumatatu tunawatangazia wengine."

"Kati ya leo na Jumatatu ni siku tano."

"Hakiki, wateja wetu ndio wanaotulipa. Wana haki ya kwanza."

"Mtoto wa kituo kisichotulipa ana kilo ngapi?" marehemu aliuliza.

"Sielewi."

"Nami sielewi. Ndiyo maana siwezi kungoja Jumatatu."

"Ukitangaza leo, tumekwisha. Vijana tisa. Unawaambia nini?"

Mkurugenzi anasema hapo marehemu hakupiga meza wala kupaza sauti. Hakuwa na ujasiri wowote wa kuonyesha. Alisema tu, "Naogopa hayo yote. Lakini hili lingine naliogopa zaidi." Saa nane mchana, tangazo na dawa vikatoka kwa watu wote kwa dakika moja, wateja na wasio wateja. Tangazo lilikuwa na sentensi nne. Ya mwisho ilisema: "Niliipitisha mimi, wenzangu hawajamaliza kuikagua, kwa sababu kampuni yangu ilikuwa na haraka."

Mkataba wa Ijumaa haukusainiwa. Kufikia Oktoba vijana watano kati ya tisa walikuwa wametafuta kazi kwingine. Wawili kati yao wamebeba jeneza leo.

Vituo vilivyojulikana vilikuwa mia nne na kumi na mbili. Wiki ya kwanza, mia tatu hamsini na kimoja vilijibu kwamba vimebadilisha toleo na havikuona tatizo, isipokuwa vitatu. Katika viwili, dozi kubwa ilichapishwa, muuguzi akaishtukia. Katika cha tatu, mtoto wa miezi tisa alinyweshwa. Alilazwa siku tano, akapona, akarudi nyumbani. Marehemu alikwenda kumwona. Mama wa mtoto alimfungulia mlango akamuuliza, "Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekosea."

Mama yule alimvuta mtoto kifuani, akafunga mlango. Marehemu hakugonga tena. Alirudi, na kwa miaka iliyofuata hakuwahi kumlaumu mama huyo kwa neno lolote.

Vilibaki vituo sitini na kimoja ambavyo havikujibu. Akaandika orodha kwa mkono, akaanza kupiga simu. Zingine zilikuwa zimebadilishwa namba, zingine ziliita tu. Alikonda. Shemeji anasema alikuwa akila huku simu iko kando ya sahani, na ikiita anaacha kijiko hewani. Kwa miezi minne alifuta jina moja moja, mpaka vikabaki viwili. Kimoja kilithibitika kuwa kimefungwa. Kingine kilikuwa mbali, mwisho wa barabara mbovu, na hakuna simu yake iliyokuwa ikipatikana. Tarehe 12 Desemba 2019 nilimpeleka kwa pikapu yangu, mabomba yakigongana nyuma njia nzima.

Tulifika saa saba mchana. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, rangi nyeupe, kina mama wamekaa barazani na watoto mapajani. Nilizima gari. Marehemu hakushuka.

"Dada, tumefika."

"Ngoja kidogo."

Alikuwa anawatazama wale watoto, mmoja baada ya mwingine, kama anayewahesabu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nimefanya kazi kwenye mashimo marefu, nimeona watu wakiogopa kufukiwa. Sijaona mtu akiogopa namna ile.

Mwishowe mganga wa kituo, baba mmoja mfupi mwenye kandambili, akaja mwenyewe dirishani. "Karibuni. Mmeleta mabomba?"

Marehemu akamweleza sisi ni kina nani na tumefuata nini. Baba yule akasikiliza mpaka mwisho. "Kompyuta?" alisema. "Ile iliingia maji tangu mwezi wa nne. Tunapima kwa kitabu. Mwezi wa nne wote nimeandika barua, hakuna anayejibu. Ninyi ndio wa kwanza kuja."

Dada yangu alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha hakikuwa kicheko tena, na kina mama barazani wakaacha kuzungumza. Nikabaki namfungia mganga wa watu bomba la sinki, maana lilikuwa linavuja, ili marehemu apate muda wa kujikusanya.

Woga huo hakuuacha barabarani. Mwaka uliofuata aliutumia. Alisema kosa halikuwa mkato wala nukta. Kosa lilikuwa kwamba mtu mmoja mwenye kampuni alikuwa na uwezo wa kufungua mlango peke yake. Akaitisha kikao cha watu wote wanaokitegemea Kipimo, zikiwemo kampuni nne zilizokuwa zikishindana na ya kwake. Tarehe 1 Machi 2021 likaundwa baraza la watunzaji saba. Mwajiri mmoja haruhusiwi kuwa na watu zaidi ya wawili humo. Kazi ya kampuni yoyote lazima ikaguliwe na mtu asiyelipwa nayo. Na jina la Kipimo likawa mali ya chama cha watumiaji, hata kampuni yake mwenyewe ikabidi iombe ruhusa kwa barua ili iliandike kwenye kibao cha mlangoni.

Mkurugenzi siku hiyo alimwuliza, "Umetuuza?"

"Sijatuuza. Nimetutenganisha na kisu."

"Kisu gani?"

"Kile nilichokuwa nimekishika mimi."

Mkurugenzi hakuzungumza naye kwa wiki tatu, halafu akaiandika barua ya kibao. Alibaki kwenye kampuni, na ninamshukuru kwa hilo. Kampuni iliendelea, ndogo, ikaongeza kijana mmoja, kisha mwingine. Mara ya kwanza ombi la kampuni lilipofika barazani, marehemu alitoka chumbani wenzake wapige kura. Alisubiri kwenye korido, amesimama. Mhadhiri akatoka kumwambia wamelikataa. "Vizuri," marehemu alisema, na akabaki ameshika ukuta. Baadaye nilimuuliza kama alifurahi au aliumia. Alinijibu, "Nilikuwa nafikiria mishahara."

Ugonjwa wake ulianza kama kiungulia, mwezi Septemba 2023. Alikunywa dawa za kawaida na kuendelea na kazi. Tarehe 6 Novemba alipelekwa hospitali akiwa na homa na maumivu ya mgongo, akalazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Mimi na shemeji tulikuwepo. Muuguzi kijana akaja na kompyuta ndogo juu ya kitoroli, akaanza kuandika dozi ya dawa ya mshipani. Marehemu akainua kichwa. Aliitambua skrini.

"Umehakiki, mwanangu?" aliuliza.

"Nahakiki mama. Programu hii yenyewe ina maswali mengi." Akasoma: "Uzito huu ulipimwa lini?"

Hilo ni swali lililoongezwa na baraza, mwaka uleule wa 2021. Muuguzi akatazama kadi. Uzito ulikuwa wa mwezi Agosti. Programu ikakataa kuendelea. Akaenda kuleta mizani, tukamsaidia marehemu kusimama juu yake, shemeji upande huu na mimi upande huu. Tulipomwachia kidogo ili ijisomee, muuguzi aliinama, akatazama, akainama tena. Zilikuwa zimepungua kilo kumi na moja.

Yule binti aliandika namba mpya, dozi ikatoka ndogo kuliko ya kwanza, akamdunga, akaondoka na kitoroli polepole. Vipimo vilikuja baada ya siku nane na vikataja saratani ya kongosho. Lakini sisi watatu tulikuwa tumeshajua tangu kwenye mizani.

Aliogopa kifo waziwazi. Hakutudanganya na hatukumdanganya. Aliogopa maumivu, aliogopa gharama kwa watoto, aliogopa usingizi wa dawa. Bado alifanya kazi yake. Tarehe 19 Februari 2024 alijiuzulu barazani na kukabidhi ufunguo wake, yaani neno la siri la kutolea matoleo mapya ya Kipimo, ili nafasi yake ijazwe akiwa hai na aweze kuulizwa. Hisa zake za kampuni aliziandikia mume na watoto, kwa sharti kwamba mwenye hisa hakai barazani. Mwanawe ni mwandishi wa programu, na baraza lilikuwa limeshampendekeza achukue nafasi ya mama yake. Alimwita kitandani akamwambia, "Chagua. Sitakukasirikia." Kijana aliomba siku mbili. Aliporudi alisema, "Mama, nachukua baraza. Hisa apewe dada." Marehemu alimshika mkono. "Utakuja kunilaumu," alisema.

Tarehe 3 Mei ikafika barua. Kampuni kubwa, kubwa kuliko zote tunazozifahamu katika kazi hii, inataka kuinunua kampuni yake na kuwaajiri baadhi ya watu wa baraza. Tulijadiliana kama tumfiche. Shemeji akasema hajawahi kumficha kitu tangu kile kikohozi. Tukampa. Aliisoma, akairudia kuisoma.

"Baraza linajua?"

"Linajua," mwanawe alisema.

"Waajiri wakibadilika, kanuni ya watu wawili bado inashika?"

"Inashika. Watatu wakiajiriwa na mmoja, mmoja wao anatoka."

"Basi." Akafumba macho. Tukadhani amelala. Kisha akasema, "Bado naogopa."

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, chumba cha mbele, mume wake amemshika mkono na binti yake akimlowesha midomo kwa pamba. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Mtaona kwamba kwenye ratiba hii hakuna nembo. Kampuni iliomba iwekwe yake, na chama kikaomba iwekwe yake, wote kwa upendo. Shemeji aliwashukuru akasema marehemu asingetaka kuchagua. Kuhusu ile barua, mpaka leo asubuhi haijajibiwa. Mkurugenzi yuko hapa, wanabaraza wako hapa, wamekaa mstari mmoja, na mimi sijamuuliza yeyote kati yao. Nakiri kwamba naogopa kuuliza.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni mwalimu, mwana ambaye ni mtunzaji wa Kipimo, mkwe mmoja, na mjukuu wa kike wa miezi saba. Ameacha wadogo zake wanne, mama yetu mzazi mwenye miaka themanini na minane, na mashangazi wawili. Ameacha wenzake wa kampuni, wenzake wa baraza, na wauguzi wengi ambao hawakumjua.

Woga wake ametuachia sisi tuubebe. Yeye sasa apumzike kwa amani.